Mkunga Apewe Njia Yake: Uvuvi wa Usiku Katika Maziwa ya Delta ya Tana

Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wavuvi, wauza samaki na wakazi wa kando ya maziwa ya Delta ya Tana. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili yasomwe pia katika mabaraza, mikutano ya BMU na nyumbani.



Mazungumzo haya yanahusu samaki mmoja tu, tena yule ambaye watu wengi wakimwona kwenye ndoana huachia mshipi na kukimbia. Ni mkunga wa maji baridi. Kuna nyumba ambazo humla kwa furaha, na kuna nyumba ambazo hata sufuria haitumiki tena akiwa amepikwa ndani yake. Hayo ni mambo ya mila na ladha, na kila mtu ana uhuru wake. Lakini anayemla, anayemuuza na anayemkataa wote wanaishi naye katika maji yale yale, na kuna jambo moja kumhusu ambalo lisipoeleweka mapema, wajukuu wa delta hii watamsikia kwenye hadithi tu.

Jambo lenyewe ni hili: mkunga anayekula ndoana na mkunga anayenaswa kwenye uzio wakati wa mafuriko ni samaki wa jina moja, lakini si hasara moja. Kwa nini iwe hivyo, inafaa kwanza kumjua samaki mwenyewe.

Mkunga ni nani

Baharini pia kuna mkunga, yule wa kwenye miamba mwenye meno makali ambaye wavuvi wa pwani humjua sana. Huyo ni wa ukoo mwingine na si huyu anayeishi miaka mingi mtoni. Mkunga wa maji baridi ana mwili mrefu wa mviringo, ngozi yenye ute, na pezi moja refu linaloanzia mgongoni, likazunguka mkia, likarudi mpaka chini ya tumbo. Nyuma ya kichwa ana mapezi mawili madogo mfano wa masikio. Hupumua kwa matamvua kama samaki wengine. Hata magamba anayo, ila ni madogo mno na yamezama ndani ya ngozi. Kwa hiyo si nyoka, wala kuuma kwake hakuna sumu.

Wapo pia wanaomchanganya na kamongo, kwa sababu wote wawili ni warefu na hupenda matope. Kamongo ana mapafu na huja juu kuvuta hewa. Mahali pa mapezi ya kawaida ana nyuzi nne zinazoning'inia. Ziwa likikauka, kamongo hujizika ardhini akasubiri mvua. Mkunga hafanyi hivyo. Ziwa likianza kupungua, naye hutafuta njia ya kutoka, na usiku wa mvua anaweza hata kuvuka kipande cha nyasi zilizolowa ili afike maji mengine, kwa kuwa ngozi yake yenye unyevu humsaidia kupumua. Mtu aliyekutana na "nyoka" mnene akivuka njia usiku wa mvua karibu na mto, huenda alikutana na mkunga.

Katika mito ya upande huu wa Afrika inayomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kuna aina 4 za mikunga hawa. Wengine ni wa rangi moja ya kahawia au kijani iliyofifia, wengine wana madoadoa mwilini. Mikunga wa aina kubwa wanaweza kupita urefu wa mita 1.5. Ndugu wa Ziwa Victoria hawana samaki huyu, na sababu yake ni ya kijiografia: maji ya ziwa lile huelekea Mto Nile na kumalizikia Bahari ya Mediterania. Maji ya Tana huelekea Bahari ya Hindi, na huko ndiko mkunga wa Tana anakozaliwa.

Safari ya kwenda na kurudi

Ngege huzaa ziwani. Kambare huzaa kwenye maji ya mafuriko. Mkunga hazai mtoni wala ziwani hata mara moja. Huzaliwa baharini, mbali na pwani, kwenye kilindi. Anapoanguliwa huwa mwembamba na bapa kama jani, tena mwangavu kiasi kwamba unaweza kuona upande wa pili kupitia mwili wake. Katika hali hiyo huchukuliwa na mkondo wa bahari kwa miezi kadhaa. Akikaribia pwani hubadilika umbo, akawa kama uzi wa kioo wenye macho mawili meusi, urefu wake usiozidi kidole. Huyo ndiye anayeingia kwenye milango ya mito, Tana ikiwa mmoja wapo, na kupanda juu usiku usiku.

Akiingia kwenye maji baridi hupata rangi, huanza kula, na hutafuta makao. Mafuriko yanapounganisha mto na maziwa ya delta kama Shakababo na Bilisa, mkunga huingia humo na kukaa. Hapo hukaa muda mrefu. Ni samaki wa miaka, si wa miezi. Anaweza kukaa miaka 10 na zaidi akila samaki wadogo, kaa, vyura na wadudu wa majini, akijificha mchana chini ya mizizi na kutoka usiku.

Kisha siku moja mwili wake hugeuka. Mgongo hukoza weusi, tumbo huwa jeupe la kung'aa kama fedha, macho hupanuka. Huacha kula kabisa, na utumbo wake husinyaa. Kutoka hapo husubiri mambo mawili: maji yapande, na usiku uwe wa giza. Yakipatikana hayo, hutoka ziwani, hushuka mtoni, hufika baharini na kuendelea hadi kilindini alikozaliwa. Huko huzaa mara moja tu maishani, kisha hufa. Jike mmoja hubeba mayai yanayohesabiwa kwa mamilioni.

Hakuna aliyewahi kumwona mkunga wa upande huu akizaa. Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki ya kale, baada ya kukosa mayai ndani ya mikunga, alisema huzuka kutoka kwenye tope. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye, mtafiti wa Denmark Johannes Schmidt alianza mwaka 1904 kuwatafuta watoto wa mkunga wa Ulaya katika Bahari ya Atlantiki, na ilimchukua karibu miaka 20 kutangaza kwamba huzaliwa katika Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya pili ya bahari. Kwa mikunga wa upande wa Afrika Mashariki, ushahidi wa wanasayansi unaelekeza kwenye kilindi cha mashariki ya Madagaska. Huo ndio umbali ambao samaki wa Shakababo anajiandaa kusafiri, bila chakula tumboni, kwa mafuta aliyojiwekea mwilini alipokuwa ziwani.

Usiku ziwani

Anayetaka mkunga hamtafuti mchana. Jua likielekea kutua, mvuvi huandaa mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, kila ndoana na uzi wake mfupi. Chambo ni nyungunyungu, kipande cha samaki au chura. Mshipi hushushwa na chubwi hadi chini, kwa sababu mkunga hutafuta chakula chake kwenye sakafu ya ziwa na kandokando ya mizizi. Huachwa hapo usiku, ukatolewa alfajiri. Wengine hutumia mgono, ambao mkunga huingia kwa kufuata harufu ya chambo na kushindwa kurudi.

Anapotolewa majini ndipo kazi inapoanza. Ute wake humfanya ateleze mkononi kama sabuni, na hujiviringisha kwenye mshipi hadi nyuzi zote zikawa fundo moja. Mvuvi mzoefu hamshiki kwa mkono mtupu. Hutumia gunia kavu au jivu. Tena mkunga humeza ndoana mpaka ndani. Kuing'oa kwa nguvu ni kumchana samaki na kujiumiza. Njia nyepesi ni kukata uzi mfupi na kuitoa ndoana baadaye wakati wa kumpasua.

Kuna tahadhari moja ambayo kina mama wanaotengeneza samaki wanapaswa kuijua. Damu mbichi ya mkunga ina sumu. Ikiingia machoni au kwenye kidonda huwasha na kuvimbisha, na ikinywewa mbichi ni hatari. Moto huimaliza sumu hiyo, kwa hiyo mkunga aliyepikwa vizuri au kukaangwa akaiva hana tatizo. Anayempasua aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho, na watoto wasichezee damu yake.

Nyama yake ina mafuta mengi. Kwa sababu hiyo huharibika upesi kwenye joto la delta, lakini pia ndiyo inayomfanya awe mtamu akikaushwa kwa moshi. Mkunga aliyeoshwa ute kwa chumvi na jivu, akakatwa vipande na kukaushwa vyema, humpa mfanyabiashara muda wa kumfikisha sokoni bila kuuza kwa hasara.

Ndoana na uzio

Sasa mazungumzo yarudi kwenye jambo lililotajwa mwanzo.

Mkunga anayekula ndoana ni mkunga mwenye njaa. Bado anakua, bado ni mkazi wa ziwa. Akivuliwa, ziwa limepunguza mkazi mmoja, na wenzake waliobaki wanaendelea kukua. Yule aliyegeuka rangi ya fedha, aliyeacha kula, hata uweke chambo gani hakitazami. Ndoana kwa kawaida haimpati.

Anayempata ni uzio. Mvua zikinyesha milimani, maji ya Tana yakapanda, na mifereji kati ya ziwa na mto ikaanza kutiririka, samaki wengi huhama. Mvuvi akiziba mfereji kwa uzio wa matete au miti, akaweka migono au wavu kwenye mwanya uliobaki, usiku mmoja wa giza unaweza kumpa samaki kuliko wiki nzima ya mshipi. Ni ujuzi wa kale, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kurithi kazi ya babu yake. Lakini katika usiku huo huo, kwenye mwanya huo huo, ndipo wanapopita mikunga wa miaka 10 na zaidi wakielekea kuzaa kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Ndiyo maana hasara hazilingani. Uzio uliozibwa kabisa katika mafuriko mawili ya mwaka, ya masika na ya vuli, unaweza kuzuia wazazi waliokuwa wakijiandaa kwa miaka 10 na zaidi. Ukivua ngege wazazi mwaka huu, mwakani wengine watakuwa wamekomaa. Mkunga akikosekana, pengo lake linachukua muongo mzima kuzibika, na kama watoto hawaji kutoka baharini, halizibiki.

Je, hasara ni ya nani?

Mvuvi mwerevu atauliza swali ambalo lina haki ya kujibiwa. Atasema: mkunga nitakayemwacha apite leo, watoto wake watarudi kwenye ziwa langu?

Jibu la kweli ni kwamba hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Watoto wa mkunga hawana anwani. Mkondo wa bahari huwatawanya. Mmoja ataingia Tana, mwingine Sabaki, mwingine Rufiji, mwingine mito ya Msumbiji au Madagaska. Mikunga wa pwani hii wote wanategemea hazina moja ya kilindini.

Hali hiyo kila Mkenya anaifahamu, kwa sababu inafanana na harambee. Anayetoa shilingi 100 zake kwenye ujenzi wa darasa hawezi kuonyesha bati lililonunuliwa kwa noti yake. Lakini wote wakishika mifuko wakisubiri mwenzao aanze, watoto watasomea chini ya mti. Kijiji kinachoacha mikunga wake washuke kinachangia hazina ambayo nacho huchota kila mara mto unapoleta watoto wapya. Kijiji kinachoziba kinachota bila kuchangia. Vikiwa vingi vya namna hiyo, hakuna cha kuchota.

Swali la pili ni la mabwawa. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, mabwawa matano ya kufua umeme yalijengwa juu ya Tana, likiwemo Masinga. Umeme wake unawasha taa nchi nzima. Kwa mkunga, hata hivyo, ukuta wa bwawa ni mwisho wa njia ya kupanda, na mabwawa yamebadilisha namna mafuriko yanavyoshuka kwenye delta. Mtu anaweza kusema: kama njia ya juu imezibwa na zege, uzio wangu wa matete una neno gani?

Neno lake ni kubwa kuliko zamani. Njia ya juu ikiwa imefungwa, mto wa chini na maziwa ya delta ndiyo makao makubwa ambayo mkunga wa Tana amebaki nayo, na hapo pana njia ya kutoka isiyo na ukuta. Delta hii iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Sehemu ya umuhimu huo ni maji yanayoweza bado kutoka ziwani yakafika baharini, na samaki ndani yake.

Waliompoteza wao

Kwa anayedhani mkunga hawezi kwisha, Ulaya ni funzo. Huko mkunga alikuwa chakula cha maskini na cha tajiri. Alivuliwa kila mto, kila ziwa. Kuanzia miaka ya 1980, idadi ya watoto wanaoingia mitoni kutoka baharini ilianza kuporomoka, na leo imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 ikilinganishwa na miaka ya 1960 na 1970. Sababu hazikuwa moja: mabwawa, kukaushwa kwa ardhioevu, uchafu wa viwanda, ugonjwa, na uvuvi wa wadogo na wakubwa kwa pamoja.

Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka nchi wanachama zihakikishe angalau asilimia 40 ya mikunga wazazi wanafika baharini, kwa kulinganisha na idadi ambayo ingefika kama binadamu asingeingilia. Mwaka huo huo, biashara ya kimataifa ya mkunga wa Ulaya iliwekwa chini ya mkataba wa CITES. Mwishoni mwa mwaka 2010 Ulaya ilifunga uuzaji wake nje ya mipaka yake. Hata baada ya hatua zote hizo, samaki huyo bado yumo kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Somo moja zaidi linahusu watoto wa mkunga, wale wa kioo. Hakuna aliyefaulu kumzalisha mkunga kwa wingi wa kibiashara kwenye mabwawa ya ufugaji. Mashamba ya mikunga ya Asia Mashariki, ambako hupendwa sana, hutegemea watoto waliokamatwa kwenye milango ya mito. Ulaya ilipofunga, biashara ya magendo ilizuka na wanunuzi wakatafuta mito mingine duniani. Kwa hiyo akitokea mgeni anayelipa vizuri vijana wa hapa wamkamatie "vijisamaki vya kioo" usiku kwenye mlango wa mto, kazi hiyo si baraka iliyoshuka kutoka mbinguni. Taarifa ipelekwe kwa afisa wa uvuvi au kwa BMU kabla ndoo ya kwanza haijajazwa.

Sheria iko upande gani

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti jukumu la uvuvi. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inakataza kuvua kwa sumu, kwa vilipuzi na kwa umeme. Hayo hayana mjadala. Anayemwaga dawa ya shamba ziwani ili samaki waelee anaua mkunga na watoto wake, na pia anatia sumu kwenye maji yanayonywewa na ng'ombe na watu.

Kuhusu nyuzio za mafuriko, chombo kilicho karibu zaidi na mvuvi ni BMU. Kanuni za BMU zinawaruhusu wanachama kujiwekea sheria ndogo za ufuo wao kwa idhini ya mamlaka ya uvuvi. Maana yake ni kwamba si lazima kusubiri agizo kutoka Hola au Nairobi. Wanachama wenyewe wanajua mfereji upi hutiririka kwanza, na nani huweka uzio wapi. Mambo manne yanafaa kupelekwa mbele ya mkutano wao:

Kwanza, uzio wowote uache wazi thuluthi moja ya mfereji, upande wenye maji ya kina, mwaka mzima.

Pili, maji yanapoanza kupanda na mwezi uko gizani, uzio uondolewe kwa usiku tano za kwanza za mtiririko. Samaki wengine watavuliwa kwa mshipi na wavu halali ziwani.

Tatu, mkunga mwenye tumbo la fedha na macho makubwa akipatikana hai, arudishwe upande wa mtoni, asirudishwe ziwani alikotoka.

Nne, BMU iwe na daftari. Kila mkunga aliyeletwa ufuoni aandikwe uzito, urefu, rangi ya tumbo, chombo kilichomvua na hali ya mwezi. Ni mistari michache tu kila asubuhi, lakini baada ya misimu miwili kijiji kitakuwa na ushahidi wake chenyewe, na hakuna mtu atakayekuja kukisimulia habari za ziwa lake.

Usiku tano bila uzio zina gharama. Kuna mzazi anayetegemea mafuriko hayo kulipa karo, na itakuwa unafiki kujifanya hilo halipo. Ndiyo maana uamuzi huu ufanywe na wenye nyuzio wakiwa wamekaa kwenye mkutano, na uwafunge wote kwa pamoja. Mtu mmoja akiondoa uzio wake huku jirani ameziba hatua hamsini chini yake, amepoteza pesa na mkunga hakupona.

Arudi nyumbani salama

Mazungumzo ya uvuvi wa usiku hayawezi kwisha bila kumtaja mvuvi mwenyewe. Maziwa ya delta yana viboko na mamba, na saa za mkunga ndizo saa zao.

Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na hurudi kabla ya mapambazuko. Mtu aliyesimama katikati ya njia yake na maji ndiye anayeshambuliwa. Njia za viboko zijulikane, na mtumbwi usifungwe wala kushushwa hapo. Macho ya mamba humulika yakipigwa tochi, basi maji na ukingo vimulikwe kabla ya kushuka. Samaki asipasuliwe wala kuoshwa kwenye ukingo gizani, kwa sababu damu na matumbo humwita mamba.

Wavuvi waende wawili, kila mmoja na jaketi okozi mwilini, si chini ya miguu. Tochi ya kichwani huiacha mikono huru kwa kafi na mshipi. Simu ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Na kabla ya kuondoka, mtu mmoja nyumbani aambiwe ni upande gani wa ziwa na saa ngapi ya kurudi, ili wakichelewa watu wajue pa kuanzia kutafuta.

Ndugu wananchi, ziwa la delta hukopeshwa mkunga na bahari. Humlea kwa miaka mingi, humnenepesha, na watu hupata riziki yao humo kwa mshipi na mgono. Wanaobaki wakiwa tayari kuondoka, mfereji uwe wazi. Msimu wa mvua ujao, maji yakianza kugeuka rangi na usiku ukawa wa giza, kila BMU iwe tayari imekubaliana ni nani ataondoa uzio upi.